Tiba ya Mapigo ya Sumaku kwa Mbwa na Paka: Mwongozo Kamili wa Kuitumia Nyumbani

Wengi mnaoniandikia kuhusu vifaa vya PEMF (kifupi cha Kiingereza cha tiba hii ya mapigo ya sumaku) mna lalamiko moja: kifaa kimenunuliwa kwa hela nyingi, kimewashwa, taa inawaka, na mbwa bado anachechemea. Nikiuliza maswali mawili matatu, sababu hujitokeza haraka. Ama mnyama hajawahi kupimwa, ama koili (waya uliozungushwa ndani ya kifaa) inakaa mbali na panapouma, ama kifaa kinatumika leo na kukumbukwa tena wiki ijayo. Mara nyingi kifaa chenyewe ni kizima.

Kifaa hiki hupitisha umeme mdogo ndani ya koili kwa mapigo, na koili hutoa uga wa sumaku unaowaka na kuzimika. Uga huo hupenya manyoya, ngozi, bendeji na hata POP (plasta ngumu ya mfupa uliovunjika). Haumpashi mnyama moto wala haumchomi, na wengi hulala tu. Kazi yake ni kusaidia kupunguza uvimbe na maumivu wakati mwili unajiponya.

Ushahidi wa kutegemewa kwa mbwa umetoka zaidi kwa waliofanyiwa upasuaji wa diski za uti wa mgongo. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2019 likiwa na mbwa 53, waliopata tiba halisi walihitaji dawa chache za maumivu nyumbani, na mshono wao ulionekana vizuri zaidi wiki ya sita kuliko wa wenzao waliowekewa kifaa kisichotoa kitu. Jaribio dogo la Chuo Kikuu cha North Carolina State la mwaka 2018, la mbwa 16, lilikuta maumivu kando ya mshono yamepungua, ila mbwa hawakurudi kutembea mapema zaidi. Ishike vizuri tofauti hiyo, kwa sababu hatua ya nane yote imesimama juu yake.

## Mahitaji

Jibu la daktari wa mifugo. Jina la ugonjwa na mahali ulipo. Bila hili, usinunue kifaa bado.

Kifaa chenye koili. Kuna aina mbili kuu za nyumbani: kitanzi chepesi chenye betri, ambacho hutumia masafa ya juu ya redio kwa mapigo mafupi, na mkeka au godoro dogo la masafa ya chini linalochomekwa ukutani. Kitanzi kinafaa kiungo kimoja au mshono, na mkeka unafaa mbwa mkubwa anayeumwa sehemu kadhaa. Kola au blanketi lenye vipande vya sumaku vilivyoshonewa ndani si PEMF, kwa kuwa sumaku hiyo imetulia na haina mapigo. Mkeka unaopasha joto tu nao si PEMF, hata boksi lake liseme nini.

Umeme unaolingana. Vifaa vingi huagizwa nje. Soma maandishi kwenye adapta: kama imeandikwa 100–240V, ichomeke bila hofu. Kama imeandikwa 110V au 120V peke yake, umeme wetu wa volti 230 au 240 utaiunguza siku ya kwanza.

Kitu cha kulalia kisichoteleza. Nyumba zetu nyingi zina vigae, na mkeka wa ukindu juu ya vigae huteleza. Tandika zulia lenye mpira chini.

Daftari, kalamu na simu yenye kamera.

Kamba ya kumwongozea, vipande vidogo vya nyama ya kuchemsha, na kola ya plastiki ya shingoni kama ana kidonda anachokilamba.

## Hatua ya 1: Jua kinachouma

Kuchechemea ni dalili tu, na chanzo chake katika mazingira yetu kinaweza kuwa vitu vingi ambavyo mapigo ya sumaku hayavigusi.

Anza na nyayo. Panua vidole, tazama katikati. Funza, mwiba au kipande cha chupa hutosha kumfanya mbwa anyanyue mguu wiki nzima. Kisha fikiria homa ya kupe: mbwa anazubaa, hali vizuri, ana joto, viungo vinauma, leo mguu huu na kesho ule. Hiyo inahitaji kipimo cha damu na antibayotiki. Kila siku inayopita huku umemlaza kwenye mkeka, ugonjwa unatafuna damu yake.

Kwa mbwa mkubwa mzee mwenye uvimbe mgumu juu ya mfupa, daktari atataka eksirei kuondoa shaka ya saratani. Kwa mbwa mwenye asili ya German Shepherd anayenyanyuka kwa shida asubuhi, mara nyingi tatizo ni nyonga. Kwa mbwa mrefu wa mwili na mfupi wa miguu kama Dachshund, anza kushuku diski za mgongo.

Paka ni mgumu zaidi kusomeka, maana huficha maumivu. Haruki tena dirishani, manyoya ya mgongoni yamesokotana kwa sababu hawezi kujigeuza kujilamba, anakojoa kando ya chombo chake. Hizo ni dalili za viungo, na wengi huzichukulia kama uzee au ukaidi.

Dalili za kwenda kliniki leo hii: miguu ya nyuma imelegea ghafla, hakojoi, ukimbana kidole kwa nguvu hageuki kutazama, mfupa umetokeza, ufizi umepauka, au ameshindwa kabisa kuukanyagia mguu baada ya kugongwa na bodaboda. Kwa mbwa aliyepoteza hisia kwenye miguu ya nyuma, saa zinahesabika.

Onyo la dawa. Usimpe dawa ya maumivu ya binadamu. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua paka. Diklofenaki na ibuprofeni humletea mbwa vidonda vya tumbo na kuharibu figo. Kama daktari ameandika dawa, endelea nayo kama alivyoelekeza. Kifaa hakiizuii kufanya kazi, na kuikatiza kwa uamuzi wako kwa sababu umenunua kifaa ni kumtesa mnyama.

Umefanikiwa ikiwa: unaweza kumwambia mtu mwingine kwa sentensi moja mnyama wako anaumwa nini na wapi.

## Hatua ya 2: Hakikisha hayumo kwenye waliokatazwa

Usitumie kabla ya kuongea na daktari kama mnyama ana mimba, ana saratani au uvimbe usiojulikana, anavuja damu, ana jipu au maambukizi ambayo hayajaanza kutibiwa, ana kifafa, au bado ni mtoto ambaye mifupa yake inakua.

Mtu yeyote nyumbani mwenye kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo kilichopandikizwa kifuani akae mbali wakati wa tiba, wala asiwe yeye wa kukishika.

Mnaniuliza sana kuhusu vyuma. Mbwa aliyewekewa plati au pini baada ya kuvunjika anaweza kutumia vifaa vya nyumbani vya nguvu ndogo, kwa kuwa havipashi chuma moto. Mashine kubwa za kliniki ni habari nyingine, aamue daktari. Chipu ya utambulisho chini ya ngozi haina betri, hivyo haina cha kuharibika.

## Hatua ya 3: Kikague kifaa kabla hakijamgusa mnyama

Taa kuwaka haina maana kwamba koili inatoa kitu. Waya wa ndani unaweza kuwa umekatika mahali kilipokunjwa safarini, na taa ikaendelea kuwaka kama kawaida.

Kwa mkeka wa masafa ya chini, pakua kwenye simu programu ya kupima uga wa sumaku. Simama katikati ya chumba: utasoma kama mikrotesla 30 na kitu, ambao ni uga wa dunia yenyewe katika ukanda wetu. Washa mkeka, sogeza simu polepole kutoka juu. Namba zikianza kurukaruka, koili ni hai. Ukipitisha simu upana wote wa mkeka utagundua pia koili zimekaa wapi hasa, kwa sababu mikeka mingi ina sehemu kubwa katikati ambazo hazitoi chochote. Weka alama kwa kalamu pale namba ziliporuka zaidi. Dakika tano za kazi hii zinafaa kuliko kijitabu chote cha maelekezo.

Kwa kitanzi cha masafa ya juu, simu haitaonyesha kitu, na hilo ni sawa. Tumia kipimo kilichokuja nacho au fuata maelekezo ya mtengenezaji.

Kagua waya zote kama zimechubuka. Mbwa mdogo hutafuna waya, na umeme wa ukutani huua.

## Hatua ya 4: Chukua kipimo cha mwanzo

Hatua hii ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu, kisha wiki ya tatu wanabishana nyumbani kama mbwa amepata nafuu au la.

Mrekodi video fupi siku mbili kabla ya kuanza: akinyanyuka baada ya usingizi, akitembea kuja kwako, akitembea kwenda, akipanda ngazi moja kama anaweza. Mahali palepale, saa ileile. Asubuhi ndiyo saa nzuri, kwa sababu viungo vibovu hukakamaa usiku.

Kisha andika namba kuanzia 0 (vibaya kabisa) mpaka 10 (vizuri kabisa) kwa mambo manne: kunyanyuka, kutembea, anavyopokea kuguswa panapouma, na hamu ya kula. Andika pia dawa aliyopewa siku hiyo. Mpime uzito.

Kama anayeshinda na mbwa ni mlinzi au kijana wa kazi, daftari likae kwake na umfundishe. Yeye ndiye anayemwona akinyanyuka saa kumi na moja alfajiri.

## Hatua ya 5: Mzoeshe

Mwache mnyama anuse kifaa kikiwa kimezimwa. Mpe kipande cha nyama akiwa karibu nacho. Siku ya pili mlaze juu yake au kiweke mwilini, bado kimezimwa, kwa dakika tano. Siku ya tatu kiwashe.

Usimfunge wala kumgandamiza. Mnyama anayepambana anakaza misuli na kuumia zaidi, na ukimtisha mara moja atakikimbia kila akikiona. Paka usimbebe kumpeleka kwenye kifaa. Mtafute alikolala, kiweke pale.

Wakati mzuri ni baada ya matembezi mafupi au baada ya kula.

## Hatua ya 6: Weka koili mahali panapouma, karibu kabisa

Hapa ndipo tiba nyingi hupotea, kwa hiyo soma polepole.

Uga wa sumaku hupungua upesi sana kwa umbali. Chukua kitanzi chenye kipenyo cha sentimita 20. Ukipanda sentimita 10 juu ya kitovu chake, nguvu inayobaki ni kama theluthi moja tu. Sasa fikiria mbwa aliyelala juu ya godoro la sponji la inchi nne, na kifaa kiko chini ya godoro. Hizo inchi nne ndizo sentimita 10 zenyewe. Hapo theluthi mbili zimekwisha kabla hujafika hata kwenye ngozi, na nyonga ya mbwa mkubwa bado iko ndani zaidi. Ondoa sponji. Kati ya kifaa na mnyama iwepo shuka au kanga tu, basi.

Manyoya hayazuii, usimnyoe. Bendeji haizuii, usiifungue.

Nyonga: mlaze ubavu, upande mbovu ukiwa juu kwa kitanzi au ukiwa chini kwa mkeka. Tafuta kwa vidole kile kifupa kinachojitokeza pembeni mwa paja la juu. Hicho kiwe katikati ya koili. Nyonga zote mbili zikiwa mbovu, mgeuze kipindi kinachofuata.

Goti au kiwiko: pitisha kitanzi kuzunguka mguu, kiungo kikae katikati. Hivyo uga unapita ndani yake moja kwa moja.

Mgongo: laza kitanzi bapa juu ya pingili zenye tatizo, mshono ukiwa katikati. Mwombe daktari akuonyeshe kwa kidole ni pingili zipi, kwa sababu maumivu ya mgongo mara nyingi huonekana miguuni na watu huweka koili miguuni.

Mshono au kidonda: kifaa kisiguse kidonda kibichi. Kiweke juu ya bendeji safi, au kishikilie sentimita moja mbili juu yake.

Usikunje kitanzi kwa kona kali, waya hukatika. Na usimwache mnyama peke yake na kitanzi shingoni au mguuni, kwani kinaweza kunasa kwenye meza au mlango na kumkaba.

Umefanikiwa ikiwa: ukichungulia, sehemu inayouma iko katikati ya koili na hakuna kitu kinene kati yao. Dakika chache baadaye wengi hupumua polepole, husinzia. Asiposinzia si tatizo, mradi ametulia.

## Hatua ya 7: Fuata ratiba

Kwa kitanzi cha betri, kipindi ni dakika 15, mara mbili mpaka nne kwa siku mwanzoni, kukiwa na angalau saa mbili kati ya kipindi na kipindi. Kwa mkeka, fuata dakika zilizoandikwa na mtengenezaji wako. Mingi hutaka dakika 15 mpaka 30, mara moja au mbili kwa siku.

Kumlaza saa tatu mfululizo Jumamosi ili kufidia siku ulizosahau hakusaidii. Mapigo haya ni ishara kwa seli: zinapokea, zinaanza kazi, zinahitaji muda. Kurudia kila siku ndiko kunakojenga matokeo.

Funga ratiba kwenye mambo ambayo tayari yapo: baada ya chai ya asubuhi, baada ya mbwa kula jioni, kabla ya kulala. Umeme ukikatika mara kwa mara kwenu, chaji kitanzi usiku umeme ukiwepo, na mvua ya radi ikianza chomoa mkeka ukutani.

Kipindi kikiisha, mkague. Ngozi isiwe nyekundu wala ya moto. Akionekana kukosa raha zaidi siku mbili za mwanzo, punguza iwe mara moja kwa siku. Akizidi kuumia baada ya hapo, acha na mpigie daktari.

## Hatua ya 8: Mlinde anapoanza kujisikia vizuri

Hapa nina wasiwasi kuliko mahali pengine pote katika mwongozo huu.

Maumivu yakipungua, mbwa hajui kwamba mfupa haujaunga au diski haijapona. Anamwona paka ukutani, anaruka. Nimeeleza kwamba maumivu yanaweza kushuka bila mwili kuwa umerudi katika hali yake. Wiki ya pili na ya tatu ndipo wenye mbwa hufungua geti wakifurahi kwamba kapona, na plati hulegea au mgongo hurudi ulikotoka.

Kwa aliyefanyiwa upasuaji, muda wa kupumzika ni ule aliosema daktari, hata kama anacheza. Atoke kwa kamba tu, kwenda haja na kurudi. Asipande kochi, asishuke ngazi, asikae na mbwa wengine wanaorukana. Kama ni mbwa wa ulinzi, tafuta mlinzi mwingine kwa kipindi hicho.

Kwa mwenye viungo vibovu vya muda mrefu, kumfungia kutwa nzima nako ni kosa, misuli inakwisha. Matembezi mafupi mara mbili tatu kwa siku, mahali tambarare, mwendo wa polepole.

Na uzito. Kwa mbwa wanene wenye viungo vibovu, kupungua kwa asilimia 6 mpaka 9 ya uzito kumeonekana kupunguza kuchechemea. Mbwa wa kilo 40, hizo ni kilo mbili na nusu mpaka tatu na nusu. Punguza ugali na makombo ya mezani, na uwe macho na kiasi unachoweka kwenye sufuria yake. Hata kifaa cha gharama kubwa hakishindani na kilo tatu zilizotoka juu ya nyonga.

## Hatua ya 9: Pima kama kinasaidia

Uvimbe na mshono mpya: tazama baada ya siku chache mpaka wiki moja. Uvimbe upungue, kingo zishikane, maji yasitoke. Harufu mbaya, usaha au joto jipya ni maambukizi. Nenda kliniki.

Viungo vya muda mrefu: mpe wiki mbili mpaka nne. Usihukumu siku ya tatu.

Mfupa uliovunjika: hapo macho yako hayatoshi, jibu ni la eksirei tu.

Wiki ya pili rekodi video nyingine, palepale, saa ileile, uziweke mbili sambamba. Usitafute muujiza. Tafuta mambo madogo: ananyanyuka kwa msukumo mmoja badala ya miwili, anakanyaga unyayo wote badala ya ncha ya vidole, paka amerudi kulala juu ya kabati. Kwenye daftari, alama mbili juu katika mambo mawili, bila kuongeza dawa, ni nafuu ya kweli.

Kama wiki nne zimepita ukiwa umefuata ratiba na koili imekaa sawa, na namba hazijasogea, simamisha. Rudi kwa daktari na daftari na video. Mwombe mambo mawili: auangalie upya ugonjwa, na aangalie kama dawa ya maumivu ibadilishwe au mazoezi ya viungo yaongezwe.

## Hatua ya 10: Punguza pole pole

Akipata nafuu, usikate ghafla. Toka mara tatu kwa siku uende mbili kwa wiki moja, kisha moja, kisha siku moja ndiyo moja siyo. Katika kila daraja tazama daftari. Namba zikishuka siku tatu mfululizo, rudi daraja moja juu na ubaki hapo.

Aliyepona mshono ataacha kabisa. Mwenye nyonga au mgongo wa uzee huenda akahitaji kipindi kimoja kwa siku maisha yake yote, na zaidi wakati wa baridi ya Juni na Julai kwa mlioko Arusha, Iringa, Limuru au Nakuru.

Kuhusu dawa, mpelekee daktari namba ulizoandika, yeye ndiye apange kuipunguza. Mkishaanza kuipunguza, andika kila dozi katika daftari lilelile, na kama mbwa anakaribia miaka minane au zaidi, omba figo na ini vipimwe katika safari hiyohiyo.